Binti yangu anataka kumpanda farasi wa chuo mbele ya watu elfu 60, nimruhusu?

"Shikamoo daktari. Sisi ni watu wa Tanga ila tuko Lubbock, Texas, mwaka wa kumi sasa. Binti yangu ana miaka 20, anasoma Texas Tech, na tangu yuko sekondari anapanda farasi kwenye ranchi anakofanya kazi wikendi. Sasa anataka kuomba awe yule mpanda farasi wa kinyago anayetangulia timu ya futiboli ya Kimarekani kuingia uwanjani. Baba yake kakataa kabisa, kasikia kuna farasi alikufa palepale uwanjani zamani. Mimi nilienda mechi mwezi wa 9, nikamuona yule farasi mweusi katoka shoti, muziki, fataki, watu wanarusha vitu, moyo ukanienda mbio. Mwenzangu kazini ananiambia wale farasi wanachomwa sindano za kuwatuliza, mwingine anasema farasi anapenda kushangiliwa ndio maana anarukaruka. Je, huku sio kumtesa mnyama? Na mwanangu atakuwa salama? Nimwambie nini?"

Marahaba mama. Swali lako nimelisoma mara tatu, na nimefurahi umeuliza kabla binti hajajaza fomu. Naona mna hofu mbili pale nyumbani, baba anaogopa mtoto atavunjika, wewe unawaza mnyama anateswa, na mnazijadili kama ni vitu viwili. Mi ni daktari wa mifugo, nilianza na punda wa Lamu, nikaenda kwa farasi wa mbio pale Ngong Nairobi, alafu nikafanya kazi miaka kadhaa huko huko Marekani, na nakwambia hofu yenu ni moja tu. Farasi mwenye wasiwasi ndiye anayemwangusha mtu. Farasi aliyetulia kichwani ndiye anayemrudisha mtoto kwao salama. Tukimwelewa farasi, ya binti nayo tutakuwa tumeyajibu.

Kwanza baba yake hajadanganywa na mtu. Ilikuwa tarehe 3 Septemba 1994, mechi na New Mexico, hapohapo Lubbock. Farasi aliitwa Double T. Tandiko likapata hitilafu, mpandaji akadondoka, na farasi akabaki peke yake katikati ya uwanja uliojaa watu, akakimbia kutafuta pa kutokea, akaingia kwenye njia ya kutokea uwanjani, akajigonga ukutani akafa. Usimfiche binti yako habari hio, na kama anaomba kazi ile kwa dhati aijue kuliko nyinyi.

Lakini angalia kilichotokea hasa. Sio kelele zilizomuua. Alikuwa anazisikia zile kelele akiwa na mtu mgongoni na alikuwa anafanya kazi yake. Kilichomuua ni kupoteza mtu wake na kutoona njia, vyote kwa pamoja. Na shida ilianzia kwenye kifaa. Nenda chuo cha Oklahoma, wao wana farasi wawili wadogo weupe, Boomer na Sooner, wanaovuta gari la turubai kuzunguka uwanja timu ikipata pointi. Oktoba 2019 kwenye mechi na West Virginia lile gari lilipinduka kwenye kona, wanafunzi wakamwagika chini. Bahati nzuri farasi hawakuumia. Nako wanyama walikuwa wanafanya walichofundishwa, gari ndio likakosa mizani. Kwahiyo mtu akikwambia "farasi alichanganyikiwa", muulize kabla hajachanganyikiwa kipi kilikatika, kipi kililegea, kipi kilipinduka. Na hatari nyingine haiko uwanjani kabisa: Peruna, yule poni (farasi mdogo) mweusi wa kwanza wa chuo cha SMU Dallas, aligongwa na gari barabarani mwaka 1934. Wanyama hawa wanatembezwa sana, mashule, maparedi, sherehe, na uwanjani watu wanakuwa macho kuliko wakiwa safarini.

Sasa tuingie kichwani mwa farasi. Sisi tuliokulia pwani tunamjua punda, na hapo ndipo watu wetu wengi wanakosea, wanadhani farasi ni punda mrefu. Punda akitishika anasimama. Umeshamuona kwenye vichochoro vya Lamu, kabeba mawe ya kujengea, kitu kikianguka anaganda miguu minne chini, unamsukuma hatoki, watu wanamwita mkaidi. Sio ukaidi, anafikiria. Farasi yeye hafikirii kwanza, anakimbia kwanza, kufikiria baadae. Mababu zake waliishi kwenye tambarare wazi, aliyesita aliliwa. Kwahiyo unapompeleka uwanjani unamwambia mnyama wa kilo kama 500 ambaye mwili wake wote umeumbwa kukimbia kwamba hii hofu unayoisikia ipuuze, nisikilize mimi. Inawezekana, lakini uelewe ukubwa wa jambo unalomwomba.

Masikio yake anayazungusha moja mbele moja nyuma. Sauti nzito za chini sisi tunamshinda kidogo, lakini sauti nyembamba za juu yeye anafika mpaka mizunguko elfu 33 kwa sekunde wakati sisi tukiwa vijana wazima kabisa tunaishia kama elfu 20. Filimbi, spika ikilia ule mlio wa kukwaruza, fataki ikipanda juu kabla haijapasuka, yote hayo kwake ni makali kuliko kwako. Macho yamekaa pembeni, anaona karibu duara zima, kasoro sehemu ndogo mbele ya paji la uso na nyuma ya mkia. Maana yake ni kwamba kila bendera, kila skrini, kila mtu anayesimama ghafla jukwaani, anamuona. Lile joho jekundu la mpandaji yeye hata jekundu halioni kama sisi, kinachomsumbua ni kupepea kwake kwenye kona ya nyuma ya jicho lake. Na macho yake yanachelewa kuzoea mwanga, ukimtoa kwenye korido ya giza chini ya jukwaa ukamwingiza kwenye mataa makali, hatua za kwanza anakimbilia kitu asichokiona vizuri. Kisha pale kwenu mashabiki wamekuwa na ile desturi ya kurusha tortilla mpira unapoanza (mwaka 2025 chuo kiliwaambia waache), zile kama chapati nyembamba zinaruka hewani kama visahani. Kwa jicho la farasi ile sio chapati, ni kitu kinaruka kuja kwake, basi.

Ndio maana mwenzako anayesema farasi "anapenda kushangiliwa" simwamini. Anachokiona yeye ni farasi anacheza miguu, shingo imepinda, mkia umeinuka, anadhani ni furaha. Huo ni mwili uliowaka, damu inakwenda mbio. Moyo wa farasi akiwa bandani unapiga mara 28 mpaka 44 kwa dakika, na akiwa amewaka au anakimbia unaweza kuvuka 200. Kuwaka huko kunaweza kuwa ni hamu, maana farasi anajifunza, akisikia ule wimbo anajua sasa nakimbia, na wengi wanapenda kukimbia, hilo silikatai. Lakini kunaweza kuwa ni hofu pia, na kwa mbali vyote viwili vinafanana. Lazima uwe karibu utofautishe.

Na la sindano. Siwezi kukuapia kwa kila banda la Marekani, ila nakueleza kwanini mtu mwenye akili hafanyi hivyo. Farasi aliyepewa dawa ya kutuliza miguu yake inalegea, anajikwaa, na unataka apige shoti na mtu mgongoni mbele ya kamera. Halafu dawa haimwondolei kushtuka, inamchelewesha tu, anakaa kama kalala alafu kishindo kikubwa kinampasua kutoka kwenye ule usingizi, na huyo ni hatari kuliko asiyepewa kitu. Kuna dawa moja maarufu, acepromazine, ambayo kwa farasi dume inaweza kumfanya uume utoke ushindwe kurudi ndani, nimeshaitwa kwenye kesi kama hio usiku na sitaki kukusimulia zaidi. Kama binti yako akifika mahali akaona farasi anachomwa sindano ya kutuliza kabla ya kupandwa kwenye mechi, aondoke siku hiyohiyo.

Ngoja nikupe kitu nilichokiona kwa macho yangu. Chuo kimoja, sikitaji, niliombwa na daktari mwenzangu nimsaidie siku ya mechi. Tuko kwenye korido chini ya jukwaa, farasi dume aliyehasiwa, miaka kama 14, ameshafanya kazi hio misimu mingi, kila mtu anamsifia. Saisi, yaani mtunza farasi, kamshika hatamu, mpandaji ni mwanafunzi tu, msichana mwembamba. Juu yetu watu wanakanyaga vyuma, korido nzima inatetemeka. Nikaweka mkono shingoni kwake, nyuma ya sikio, nyama ilikuwa ngumu kama ubao. Pua zimepanuka zikawa mviringo, na farasi hawezi kupumua kwa mdomo kwahiyo pua ndio kila kitu chake, midomo ameibana, kidevu kimejikunja kikawa kigumu kama kokwa, na katikati ya mapaja ya nyuma povu jeupe limeanza, lile la jasho. Lakini alisimama kimya. Mtu asiyejua angesema ametulia. Yule msichana alikuwa ameshapanda, akakaa pale kama dakika moja, alafu akamwambia mkubwa wake, leo hapana. Dakika nne kabla ya kutoka! Watu wa televisheni wanasubiri. Yule mzee akamtazama farasi, akamtazama binti, akasema sawa, shuka. Hakubisha hata neno. Wakamrudisha kwenye trela ambako farasi mwenzake alikuwa anamsubiri, baada ya robo saa anakula majani. Kesho yake tukamkuta na jino limeoza linamuuma.

Mama, kwa maoni yangu jibu lako lote liko pale. Usiulize kama farasi amezoea. Uliza ni nani siku ile ana mamlaka ya kusema leo hapana, na akisema, nani anamsikiliza. Kama ni mwanafunzi wa miaka 20 anayeweza kupuuzwa na mtu wa matangazo, mimi mwanangu simpeleki. Kama neno la mpandaji au la saisi linatosha kusimamisha kila kitu bila maswali, hapo pana watu.

Kuhusu kuzoea kwenyewe, kuna njia mbili na ni muhimu binti azijue. Moja ni kumzoesha kidogokidogo: unamwekea sauti ya umati imerekodiwa, chini kabisa, akiwa anakula, wiki baada ya wiki unapandisha, alafu bendera mbali, alafu karibu, alafu uwanja mtupu asubuhi anusenuse nyasi bandia, alafu siku ya mazoezi ya bendi, na kila hatua akionyesha wasiwasi unarudi nyuma moja, anapewa nafasi ya kuondoka. Hio inachukua miezi. Njia ya pili ni kumfungia ndani ya kelele mpaka achoke kupigana. Na yule wa pili anaweza kuonekana mpole kuliko wa kwanza, macho yamezubaa, masikio yamelala pembeni, hashtuki na chochote. Huyo hajatulia, amekata tamaa, na siku moja kitu kipya kabisa kikitokea atalipuka bila kutoa dalili. Sasa ukiwa bandani utajuaje ni yupi? Muite. Mguse. Aliyezoea vizuri anageuza sikio kukusikiliza, anakunusa, ana hamu na dunia. Aliyekata tamaa anakuangalia kama hakuoni.

Desturi yenyewe siichukii, naomba nieleweke. Ina historia yake. Pale Texas Tech ilianza 1936 kama utani, mwanafunzi asiyejulikana akazunguka uwanja na farasi akapotea, wakamwita mpanda farasi mzimu. Ikawa rasmi tarehe 1 Januari 1954 kwenye mechi ya Gator Bowl kule Florida, Joe Kirk Fulton juu ya farasi mweusi Blackie, wakawafunga Auburn 35 kwa 13. Wasichana wameanza kuivaa ile kinyago tangu 1974, kwahiyo binti yako haombi kitu cha ajabu. Chuo cha USC cha Los Angeles wana farasi mweupe Traveler tangu 1961, Florida State wana Renegade tangu 1978 na ule mkuki wa moto. Nimeona pia watoto wa mjini ambao hawajawahi kumgusa mnyama wakipanga foleni kumpapasa pua farasi wa chuo, na wengine baadae wakasomea udaktari wa mifugo. Hilo ni jambo zuri kweli.

Ila ningekuwa na uamuzi mi ningebadili vitu. Ningempitisha mara moja tu mwanzoni, sio kumrusharusha baada ya kila tachidauni, yaani kila timu ikifunga. Ningekataza fataki yeye akiwa ndani. Nyasi bandia ni tatizo lingine, chuma cha kwatoni kinateleza juu yake kwenye kona, na mchana wa Septemba huko Texas zinakuwa na joto kali, kwahiyo kuna vyuma vya kwato vyenye meno ya kuzuia kuteleza na viatu vya mpira vya farasi, waulize wanatumia nini. Na ningemvalisha mpandaji helmeti. Najua, ile kofia pana nyeusi ndio sura yenyewe, watasema helmeti inaharibu picha. Mpira huohuo wachezaji wote wamevaa helmeti, na wao wanaanguka kutoka kimo chao wenyewe, mpandaji anatoka juu ya mnyama anayekimbia. Hili ndilo ningelipigania zaidi ya yote.

Nikupe na uamuzi mwingine uliopo: pale kuna Raider Red, mtu aliyevaa vazi la katuni. Furaha ni ileile, farasi hahusiki. Kama binti anachotaka hasa ni kuwa mbele ya watu, amfikirie huyo. Ila sidhani ndicho anachotaka. Mtoto aliyeamka wikendi zote kusafisha mabanda ya watu anataka farasi, na huyo ndiye mtu sahihi kuwa pale juu, kuliko yule anayetaka kamera.

Kwahiyo mimi ningemruhusu aombe. Kuomba sio kupata, wanapimwa kupanda, kutunza mnyama, na usaili juu yake, na hata akikosa atajifunza. Kabla ya hapo fanyeni haya. Mtafutieni mwalimu wa kupanda aliye hapohapo Lubbock, asiye na uhusiano na chuo, amtazame akipanda farasi mgeni asiyemjua, shoti na kusimama ghafla, kwa mkono mmoja, kwasababu mkono mwingine atakuwa anawasalimia watu. Mi kwa maandishi siwezi kukuambia kama anakaa vizuri kwenye tandiko, na wewe kwa macho ya mama huwezi. Akipata nafasi, aombe kuongea na daktari wa yule farasi ana kwa ana, aulize mgongo, meno na miguu vilikaguliwa lini, maana farasi anayeumwa ndio anageuka mkali bila sababu. Na aanze kuzoeana na yule farasi mapema, bandani, sio uwanjani.

Na akianguka, hata mazoezini, hata akisema yuko sawa. Amegonga kichwa? Hapandi tena siku hiyo, hakuna majadiliano. Anatapika, kichwa kinazidi kuuma, anauliza swali lilelile mara mbili, usingizi usio wa kawaida, mkono au mguu umekufa ganzi, hospitali ya dharura saa hiyohiyo, msisubiri asubuhi. Maumivu ya shingo, asinyanyuliwe na marafiki, aitwe ambulensi.

Kitu cha mwisho ni kidogo lakini nimeona kikiangusha watu wengi. Farasi akifungwa mkanda wa tandiko chini ya tumbo anajaza kifua, anajibana. Unaukaza unaona umekaza. Akitembea dakika tano anashusha pumzi, mkanda umelegea vidole vitatu. Lazima ukazwe tena kabla ya kupanda, na tena baada ya kupasha. Siku ya mazoezi ya binti, mwambie baba yake aje. Asikae jukwaani. Asimame pale tandiko linapofungwa, aombe ruhusa kwa saisi, aingize vidole vyake kwenye ule mkanda mara ya kwanza, awasubiri wamzungushe farasi, alafu aingize tena.